Mke Asiye na Karatasi Yake

Katika ploti za Githurai, Kimbo na Gatongora, na kadhalika katika zile za Makongeni na Landless kule Thika, ambako vyumba hupangwa mstari kwa mstari, mlango ukitazamana na mlango, na ukuta unaotenga kitanda cha huyu na jiko la yule hauzuii hata kikohozi, ni vigumu mtu kudai kwamba hakusikia mke wa jirani akipigwa usiku. Na maadamu tumesikia, suali linalotupasa sisi wakazi wa miji hii miwili, Ruiru na Thika, ni kwa nini yule aliyepigwa, kunapokucha, huonekana bombani akiteka maji kama kwamba hakuna lililompata, na kwa nini, akiwa ametoka Kongo au Burundi au Sudan Kusini, aghalabu huendelea kuonekana hapo mwezi baada ya mwezi, na kovu likiongezeka juu ya kovu, asiende popote.

Jawabu ambalo watu hulitoa kwa wepesi ni kwamba hizo ni mila za kwao, na mila za watu haziingiliwi. Jawabu hilo ni batili, na tena lina dhulma ndani yake, kwa kuwa linamvua mke wa kigeni haki ambayo tungalimpa dada yetu papo hapo. Upigaji wa wake haukuletwa Kenya na wakimbizi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba wanawake 34 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamepata kupigwa au kudhuriwa mwilini tangu walipofikia miaka 15. Na wengi wa hao ni wazaliwa wa hapa, wenye kitambulisho mkobani, shangazi wa kukimbilia, na boma la baba ambamo binti aliyerudi hapokewi kwa furaha lakini hafukuzwi usiku. Mkono unaompiga mke wa mgeni na ule unaompiga mke wa mwenyeji ni mmoja. Tofauti imo katika njia ya kutokea, ambayo kwa mwenyeji ni nyembamba na kwa mgeni imezibwa. Nami nasema kwamba kilichoiziba, kuliko mila, kuliko mapenzi, na kuliko hata hofu ya kipigo chenyewe, ni karatasi.

Kabla ya kulieleza neno hilo, yafaa tujikumbushe sisi ni nani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 katika mji wa Thika, na hakuna anayeijua miji hii atakayesema kwamba umati huo ulizaliwa hapa. Mashamba ya kahawa ya Ruiru, mashamba ya mkonge na ya mananasi ya Thika, na viwanda vilivyofuata, vilistawi kwa mikono ya watu waliotoka Ukambani, Nyanza, Gusii na Magharibi. Kisha barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, wapangaji walioshindwa na kodi za Nairobi waliifuata, na miongoni mwao walikuwamo wakimbizi ambao hapo kwanza walikaa Kayole na Kasarani. Hawa hawakuwa wageni wa safari moja. Wako waliotoka Kivu tangu vita vya miaka ya 1990, wako Warundi walioikimbia nchi yao mwaka 2015, wako akina mama wa Sudan Kusini waliokuja kusomesha watoto huku waume wakibaki Juba, na wako walioondoka Goma ilipotekwa Januari 2025, au Bukavu ilipofuata mwezi wa Februari. Wakimbizi walioandikishwa mijini nchini Kenya wamepita 90,000 kwa miaka ya karibuni. Huyu anayeuza vitenge akivibeba begani kutoka mlango hadi mlango, na yule kijana Mrundi mwenye kikapu cha njugu karanga, ni watu wa mtaa wetu, na wake zao vilevile.

Sasa tuitazame karatasi. Familia inapofika na kujiandikisha kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi na kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, huandikwa pamoja, kwa faili moja yenye nambari moja, na juu ya faili hiyo huwekwa jina la mkuu wa nyumba, ambaye mara nyingi ni mume. Mke na watoto hufuata chini yake. Karatasi hiyo, ambayo wenyewe huiita mandeti au pruufu kwa kadiri ya ofisi iliyoitoa, ndiyo inayoonyeshwa kwa askari anayeuliza, kwa mwalimu mkuu anayemwandikisha mtoto, na kwa zahanati. Nayo kwa desturi hutunzwa na mume, katika mfuko wa plastiki, chini ya godoro au kwa ndugu yake wa kuaminika, mahali ambapo mke hana ruhusa ya kupapekua. Mwambie mke huyo aondoke, nawe umemwambia atoke nyumbani, atoke katika ndoa, na atoke katika nambari inayomfanya aonekane kuwa mtu mbele ya serikali. Kuna familia ambazo zimeingojea nambari hiyo kwa miaka kumi au kumi na mitano zikitumaini kuchukuliwa na nchi ya tatu, na mke ameambiwa na mumewe, akaambiwa na mashemeji, pengine akaambiwa hata na mama mkwe kwa simu kutoka Uvira, kwamba akienda kushitaki, kesi ya familia itaharibika na watoto watakosa kusafiri kwa ajili ya ulimi wake. Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mwezi wa Januari 2025, matumaini ya wengi yalikatika kwa siku moja. Lakini tishio halikukatika, kwa kuwa mtu aliyekwisha kungoja sana huendelea kungoja, na mume aliyekosa safari hupata sababu nyingine ya hasira.

Ukweli ni kinyume cha wanavyoambiwa. Mke mkimbizi aliye mtu mzima ana haki ya hati yake mwenyewe yenye jina lake, ana haki ya kuhojiwa peke yake, faraghani, pasipo mumewe kuwapo, na anaweza kuomba faili yake itengwe na ya mume kwa sababu ya dhuluma, pamoja na watoto anaowalea. Haya si mambo ya siri. Lakini ni nani aliyemwambia? Habari za ofisi humfikia kwa kinywa cha mume, aliyekwenda kupanga foleni na kurudi na maneno aliyoyachagua; hata laini ya simu anayoitumia mke imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, mara ya mume, mara ya jirani Mkenya aliyewafanyia hisani, na fedha zake za kuuza vitenge au kufua nguo hulala katika simu ambayo nambari yake ya siri anaijua mwingine. Naye Mrundi aliyeingia kwa hati ya muda ya Afrika Mashariki, ikaisha muda akashindwa kuihuisha, husikia kila jioni neno moja tu, kwamba mume akitaka ataita watu wa uhamiaji.

Hofu hiyo haikuzuka hewani, nasi wenyeji tusiidharau. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wa mijini warudi makambini, Dadaab na Kakuma. Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji David Majanja ya Julai 2013, katika shauri lililoletwa na Kituo Cha Sheria, ikaitangua amri hiyo. Na bado mwezi wa Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, ulioko kando ya barabara hii hii tunayopita kila asubuhi kwenda kazini. Mke aliyeyaona hayo, au aliyesimuliwa na walioyaona, akiambiwa leo kwamba polisi ndio watakaomwokoa, atawezaje kuamini kwa mara moja? Yeye huyapima mawili: kipigo anachokijua, na lori la kwenda Kakuma asilolijua. Huchagua anachokijua.

Basi akikosa pa kwenda, hupelekwa kwa wazee. Napenda niwataje wazee kwa staha, kwa kuwa jumuiya za Wakongomani, Warundi na Wasudani Kusini zisingeishi hapa bila wao: hao ndio huchangisha mazishi, hupokea mgeni aliyeshuka kwenye basi bila senti, na humtafutia mtoto shule. Makanisa yao, yanayokodi kumbi za ghorofani na mahema ya mabati kando ya barabara, huwalisha wengi. Lakini katika jambo hili la mke aliyepigwa, kikao cha wazee kina kasoro iliyo katika msingi wake. Dini na mila zote tunazozijua zilipoweka suluhu ziliweka pande mbili zenye uzito sawa. Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, imeagiza kwamba wake na waume wakigombana achaguliwe mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mwamuzi mmoja katika jamaa za mke, na hekima ya agizo hilo ni dhahiri, kwamba asiwepo hata mmoja anayesimama peke yake. Huku ugenini mke ana jamaa gani? Baba yake yuko Fizi au amekufa, kaka zake wametawanyika baina ya kambi za Nyarugusu na Nakivale; wanaokaa naye kikaoni ni binamu za mume, mchungaji aliyekuzwa na mume kijiji kimoja, na mwenyekiti wa jumuiya anayemdai mume fedha. Suluhu inayopatikana kwa mkutano wa namna hiyo ni amri ya kurudi, iliyovikwa sala.

Kwa Wasudani Kusini jambo hili lina uzito wa namna yake, kwa sababu ya ng'ombe. Mahari iliyotolewa huko Bor au Rumbek haikumfikia baba peke yake. Imegawanywa kwa wajomba na kaka, na kaka mmoja ameoa kwa ng'ombe hao hao. Kwa hiyo binti akivunja ndoa akiwa Ruiru, ng'ombe hudaiwa huko nyumbani, na wa kwanza kumpigia simu kumwambia avumilie ni nduguye wa tumbo moja. Simwiti nduguye huyo mwovu. Nasema tu kwamba mke aliyewekwa dhamana ya ndoa ya kaka yake hana wa kumtetea katika jamaa zake wote, na kwamba jirani asiyedai ng'ombe wowote, yaani mimi na wewe, ndiye aliyebaki.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazee na wachungaji ni moja, nalo naliomba kwa adabu: suluhu isitangulie usalama. Mke aliyekuja na damu apelekwe hospitalini kwanza, alale mahali ambapo mume hapajui, ashike mkononi karatasi yake. Kisha, siku nyingi baadaye, ikiwa yeye mwenyewe anataka suluhu, na awe na mtu wake kikaoni, hapo wakae. Mzee anayemrudisha mke usiku ule ule amemwambia mume kwamba mji mzima umesikia na haukufanya kitu.

Sheria ya Kenya, kwa upande wake, imeandikwa vizuri kuliko inavyojulikana. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, imempa kila mtu, wala haikusema kila raia, haki ya kutofanyiwa ukatili wa namna yoyote, uwe umetoka kwa serikali au umetoka kwa mtu binafsi. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, ya mwaka 2015, haikuishia kwenye kipigo: imehesabu pia matusi na vitisho, kumnyima mtu fedha na matumizi, kumfungia nje ya makazi yake, ndoa ya kulazimishwa, na hata jamaa za mume kuingilia maisha ya mke. Inamruhusu aliyedhulumiwa kuomba mahakamani amri ya kinga, na hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla hata ya mume kuitwa. Anayeivunja amri anaweza kutozwa faini ya shilingi 100,000 au kufungwa miezi 12, au yote mawili. Anayeshindwa kwenda mwenyewe kwa sababu ya woga au ugonjwa, mwingine anaweza kumwombea. Na kuna sehemu moja ambayo ningependa isomwe katika kila kanisa la Githurai na kila ploti ya Kiganjo: mahakama ina uwezo wa kumpa mke haki ya kubaki katika nyumba waliyokuwa wakikaa pamoja, mume akatoka, hata kama aliyeipanga kwa mwenye nyumba ni mume peke yake. Sisi tumezoea kumwuliza mke, "Utakwenda wapi?" Sheria inamwuliza mume suali hilo.

Mahakama ziko karibu. Thika iko moja na Ruiru iko moja, na nauli ya matatu haimshindi mtu. Pengo ni katikati, baina ya mlango wa ploti na mlango wa mahakama, na hasa mezani pa ripoti. Fikiria mama aliyefika kituoni saa nne asubuhi, mtoto mgongoni, kitambaa kimefunika jicho lililovimba. Anazungumza Kiswahili cha Kivu, kilichochanganyika na Kifaransa, na askari kijana anayemsikiliza anazungumza Kiswahili cha Ruiru, chenye Sheng na Kikuyu. Wanaelewana nusu, na katika nusu isiyoeleweka ndimo lilimo neno la jinsi alivyokabwa shingo. Nyuma yake amesimama mtu aliyejitolea kutafsiri. Mtu huyo ni mdogo wa mume. Kitabu cha OB huandikwa "ugomvi wa nyumbani", nambari ya OB hutolewa kwenye kipande cha karatasi, na mama hurudi na mtafsiri wake hadi nyumbani. Sheria ile ya 2015 imemruhusu mlalamikaji achague kueleza maneno yake kwa askari wa jinsia anayoitaka, na imemwajibisha polisi kumweleza misaada yote iliyopo. Fomu ya P3 nayo hutolewa bila malipo. Mshtakiwa, mara afikishwapo kortini, Katiba imemhakikishia mkalimani bila gharama. Lakini yule aliyepigwa, katika saa ya kwanza ambayo maneno yake ndiyo yatakayoamua kama kutakuwa na kesi au hapana, huachiwa bahati yake. Hili haliwezi kuitwa insafu.

Na saa zina hesabu yake. Aliyelazimishwa kimwili, hata kama aliyemlazimisha ni mumewe wa ndoa, anatakiwa kufika hospitalini kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi. Dawa ya kuzuia mimba ina muda wa saa 120. Mume anayemfungia mke ndani kwa siku nne anajua anachokifanya, au kama hajui, matokeo ni yale yale. Thika ina fahari katika jambo hili ambayo wengi wa wakazi wake hawaifahamu: mwaka 2003, mji huu, pamoja na Malindi na Rachuonyo, ulikuwa mmoja wa mahali patatu pa kwanza ambapo huduma kamili kwa waliobakwa ilijaribiwa katika hospitali za serikali, tiba, ushauri na ukusanyaji wa ushahidi vikiwekwa chini ya paa moja. Baina ya mwanzo wa 2004 na mwisho wa 2007 vituo hivyo vitatu vilihudumia watu 784, na 43 katika kila 100 wao walikuwa watoto wa chini ya miaka 15. Nchi nzima ilijifunza kwa hospitali hizo. Mji uliofundisha nchi jinsi ya kumpokea aliyedhulumiwa hauna udhuru wa kumwacha mke wa Mkongomani akizungukazunguka uani mwa hospitali hiyo hiyo, akiulizwa kitambulisho kabla hajaulizwa anaumwa wapi.

Nimewasikia wanaume wa jumuiya hizi wakisema, na wengine ni watu waadilifu wasiowagusa wake zao, kwamba mambo haya yakitangazwa, wenyeji watapata fimbo ya kuwapigia wageni wote. Ni kweli kwamba wako wenyeji wa namna hiyo, wanaosubiri kosa la mkimbizi mmoja ili wawaite wote wahalifu na kuwataka watoke mitaani. Mtu huyo nampinga kwa maneno haya haya, kwa kuwa yeye hamtetei mke aliyepigwa hata kidogo: akifaulu kuwafukuza, atawafukuza mke na mume pamoja, na atawafungia katika hema moja kambini. Ila dawa ya chuki yake haiwezi kuwa ukimya wa mke. Mficha uchi hazai; na jumuiya inayoficha majeraha ya wanawake wake kwa ajili ya jina jema hupoteza jina siku mmoja wao anapouawa, na siku hiyo waandishi wa magazeti huja bila kuitwa.

Tumeyaona. Rebecca Cheptegei alikuwa mkimbiaji wa Uganda aliyefanya maskani yake Endebess, Trans Nzoia, karibu na mahali alipokuwa akifanyia mazoezi. Alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Paris mwezi wa Agosti 2024. Tarehe 1 Septemba mwanamume aliyewahi kuishi naye alimmwagia petroli akamwasha moto, na tarehe 5 akafa katika hospitali ya Eldoret. Ulikuwapo ugomvi juu ya kiwanja na nyumba, na baba yake alisema hadharani kwamba malalamiko yalikuwa yamepelekwa polisi zaidi ya mara moja. Ikiwa mwanamke mwenye jina linalojulikana duniani, mwenye fedha zake na baba wa kumsemea, hakuepushwa, seuze yule wa Gatongora ambaye hata majirani humwita mama fulani tu, kwa jina la mtoto wake wa kwanza?

Tunaweza kufanya nini, sisi tusiokuwa mahakimu wala wakuu wa polisi? Mengi, na mengine hayana gharama. Mwenye ploti anaweza kuandika risiti ya kodi kwa majina mawili, la mume na la mke, na risiti hiyo ndogo itakuwa ushahidi wa mke kortini kwamba nyumba ni makazi yake. Na msimamizi wa ploti, anayefunga lango saa nne za usiku na kukaa na ufunguo, na alifungue bila maswali mke anapotaka kutoka, wala asimfungulie mume aliyekatazwa kuingia. Kina mama wa makanisa ya Wakongomani wana likelemba yao, kama sisi tulivyo na chama. Nimeambiwa na mmoja wao kwamba wamekubaliana zamu ya mwezi iweze kurukishwa apewe aliye hatarini, kwa nauli na kodi ya chumba pamoja na diposti, bila kutangazwa ni nani aliyepewa. Hiyo ni sera bora kuliko nyingi zilizopigwa chapa. Kina mama hao hao wanaweza kutunza nakala za mandeti za wenzao nje ya nyumba, mahali ambapo mume hapafiki, kwa sababu aliye na nakala ya nambari yake anaweza kwenda ofisini mwenyewe na kuomba faili yake itengwe. Mashirika yapo: Kituo Cha Sheria, RCK na FIDA hutoa msaada wa sheria, HIAS huwahudumia wakimbizi wa mijini, na nambari 1195 hupokea simu za aliyedhulumiwa bila malipo, mchana na usiku, kama 116 inavyopokea za watoto. Nambari hizo ziandikwe kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kifaransa na kwa Kiarabu cha Juba, zibandikwe mahali ambapo mwanamke huingia peke yake: choo cha hospitali, saluni, chumba cha kupimia wajawazito.

Lakini mkalimani wa kituoni na nyumba ya hifadhi haviwezi kutoka mfukoni mwa kina mama wa vitenge. Vituo vya polisi vya Ruiru na Thika vinahitaji orodha ya wakalimani wanawake, wasio jamaa wa upande wowote, wanaolipwa wanapoitwa, na dawati la jinsia liwe na nambari zao ukutani. Miji yetu inahitaji nyumba ambayo mke na watoto wake wanaweza kulala kwa wiki kadhaa bila kuulizwa uraia, kwa maana nyumba za namna hiyo nchini ni chache, nyingi ni za mashirika ya hiari, na kwa kawaida huwa zimejaa. Hili ni jambo la fedha za kaunti ya Kiambu. Makadirio ya matumizi hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia mwisho wa Aprili, wananchi huitwa kutoa maoni, na bajeti hupitishwa kabla ya Juni kuisha. Katika mikutano hiyo, inayofanywa kwenye kumbi za wadi na aghalabu kuhudhuriwa na watu wachache, kila anayesimama husema habari za barabara na mitaro. Mke mkimbizi hana kura, na diwani hana haja naye. Wenye kura ni sisi tunaokaa upande wa pili wa ukuta, basi ombi la nyumba hiyo na la fedha za wakalimani hao ni letu kulipeleka, kwa maandishi, wadi kwa wadi, kuanzia Mwihoko hadi Makongeni, kabla ya Aprili ijayo.